Nani Kakwambia Lazima Uwe na Kipaji?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mada niliyopewa ina mambo matatu: ubunifu, wema na kuishi na watu, na namna yanavyolinda afya ya akili. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitakwama wapi. Nitakwama kwenye ubunifu, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakojifungia mlango wenyewe.

Kila nikisema imba, chora, andika, finyanga, jibu ni lile lile: "Mimi sina kipaji." Mtu mzima, ana mikono miwili, ana sauti, ana mambo tele moyoni, ananiambia hana kipaji! Nani kakwambia kipaji ndicho kinachotakiwa? Mbona hatuachi kutembea kwa miguu eti kwa sababu hatuwezi kushinda mbio? Kuimba tumewaachia wenye sauti nzuri, kuchora tumewaachia wachoraji, sisi wengine tumebaki kutazama. Mtoto wa miaka minne mpe kalamu uone: anachora bila kumwomba mtu ruhusa. Akifika miaka kumi na miwili mara nyingi keshaacha, maana hapo katikati kuna mtu aliyeutazama mchoro wake akaupa maksi. Jambo hili linaniudhi, na nitaendelea kulisema.

Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwakalisha watu wazima 39 kwa dakika 45. Wakawapa udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi, na karatasi za kukata na kubandika, kila mmoja afanye apendavyo. Walipimwa mate kabla na baada, kuangalia kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo. Kwa watu kama 75 kati ya kila 100, kotisoli ilishuka. Na aliyezoea sanaa hakumzidi yule ambaye hakuwa na mazoea nayo. Najua, utafiti ni mdogo, tena haukuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo sidai kwamba umemaliza mjadala. Lakini hicho kipaji mnachonitajia kila siku, walikitafuta kwenye vipimo wasikione.

Kuna wanaosema, "Sawa, nitachora, lakini nitaonyesha nini?" Usionyeshe! Siku hizi hakimu amehamia kwenye simu. Mtu hajamaliza hata kupaka rangi, ameshapiga picha, ameiweka mtandaoni, anahesabu waliopenda. Hapo umerudi kwenye maksi. Funga daftari, liweke kabatini.

Sasa nendeni hatua moja mbele: fanyeni pamoja. Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia madarasa ya watu wazima kwa miezi saba. Wengine walijifunza kuimba, wengine kazi za mikono, wengine uandishi. Mwishoni makundi yote yalikuwa yamekaribiana kwa kiwango kimoja. Tofauti ilikuwa mwanzoni: waimbaji walizoeana upesi kuliko wenzao. Fikirini maana yake kwa mtu mpweke. Kumwambia aende akapate marafiki ni kumtwika mzigo, kwa sababu hajui aanzie wapi, na anaona haya. Kwenye kuimba hahitaji kujieleza. Anasimama kati ya wawili, anavuta pumzi wanapovuta wao, na kazi ya kufahamiana imeshaanza kabla hajataja jina lake. Anayependa kushona au kuandika naye asikate tamaa, atafika pale pale. Avumilie tu miezi ya kwanza.

Naona mkono umeinuka, na swali nalijua. Hapana, sisemi watu waache dawa wala waache kumwona daktari. Mwenye sonona nzito, mwenye mawazo ya kujiua, apelekwe kwa mtaalamu leo hii. Kwaya haichukui nafasi ya matibabu. Lakini akitoka kwa daktari anarudi wapi? Kama anarudi kwenye chumba kisicho na mtu, sisi wengine bado hatujafanya kazi yetu.

Muda unanikimbiza, kwa hiyo wema nitaupitia haraka. Amit Kumar na Nicholas Epley wamefanya majaribio kuhusu matendo madogo ya wema, likiwamo la kumpa mtu usiyemjua kikombe cha chokoleti ya moto siku ya baridi. Watoaji walikadiria wamefanya kitu kidogo. Waliopokea walifurahi kuliko watoaji walivyodhani. Ndiyo maana tunauahirisha ule ujumbe wa kumjulia mtu hali. Tunadhani hautamfaa kitu. Utume.

Na kuhusu jamii, nitataja mfano mmoja tu, mengine nayaacha. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006. Wanawake wa makamo na mabibi walifundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia apange tatizo moja la kuanza nalo, wakiwa wameketi kwenye benchi karibu na zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliopitia benchini na bado wana dalili za sonona walikuwa asilimia 14 hivi. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50 hivi. Na jambo ambalo wasimuliaji wengi huliruka: baada ya benchi kuna vikundi, ambamo watu hukaa duara, wakazungumza huku mikono yao ikifuma mifuko kwa plastiki iliyokwisha kutumika. Hakuna anayeulizwa kama ana kipaji cha kufuma.

Haya, yule aliyeinua mkono kama bado ana swali aulize, kisha nitawasikiliza wa viti vya nyuma.