Kadinali Aliyejua Kungoja

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wazee wangu, ukumbi umejaa na feni ni moja, kwa hiyo sitawaweka sana.

Agostino Casaroli alikuwa Mtaliano, mzaliwa wa 1914. Aliingia ofisi za Vatican mwaka 1940, akawa mtu wa mafaili kwa miaka ishirini. Hiyo tuipite.

Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII alimtuma Budapest na Prague, miji mikuu ya Hungaria na Chekoslovakia, kuzungumza na serikali za kikomunisti zilizowahi kuwafunga maaskofu. Sisi wa Bagamoyo tusishangae. Mapadre waliofika hapa 1868 waliikuta pwani ina mwenyewe, Sultani wa Zanzibar. Ilibidi wabishe hodi. Casaroli naye alibisha hodi, ila mwenye nyumba hakutaka hata kumwona mlangoni.

Alitaka nini? Maaskofu. Pasipo askofu hakuna wa kuwapa mapadre daraja, na padre akikosekana, nani atasoma misa? Mwaka 1964 akatia saini na Hungaria makubaliano membamba kweli: maaskofu wachache tu wakaruhusiwa. Akayapokea, akarudi tena, na tena.

Lakini kulikuwa na Kadinali Mindszenty, mkuu wa Kanisa Katoliki la Hungaria na mpinzani wa wakomunisti, aliyejificha ubalozi wa Marekani mjini Budapest tangu 1956. Miaka kumi na mitano ndani ya ubalozi! Alitoka 1971, na mwaka 1974 Papa Paulo VI akatangaza kiti chake cha uaskofu kuwa wazi, naye mwenyewe hajakubali kung'atuka. Naona mzee pale mbele anatikisa kichwa. Hata mimi hapo hunikwama kooni.

Mwaka 1975 Casaroli alitia saini Mkataba wa Helsinki, wa usalama na haki za binadamu kati ya nchi za Mashariki na Magharibi, kwa niaba ya Vatican. Mwaka 1979 Yohane Paulo II, Mpolandi aliyewajua wakomunisti kwa kuishi nao, akampa ukadinali na kumfanya Katibu Mkuu wa Vatican, hadi 1990.

Na miaka yote hiyo, Casaroli alikuwa na safari nyingine fupi: gereza la watoto la Casal del Marmo, palepale Roma. Huko hakuwa mheshimiwa. Wale vijana walimwita Don Agostino, kama hapa mnavyosema Padre fulani, basi. Alikaa nao, akawasikiliza, na waliotoka hakuwatupa. Aliendelea nao hata baada ya kustaafu, alifariki 1998.

Haya, maswali. Tuanze na wewe, mzee uliyetikisa kichwa.