Namna ya Kumtafuta Ndugu wa Ukoo Aliyeishi kwa Washaker

Karibuni. Leo tunamsaka mtu wa ukoo aliyeishi katika jumuiya ya Washaker, dhehebu la Kikristo lililoishi kwa kushirikiana mali, huko Marekani. Kabla hujafungua daftari lolote, shika hili: Washaker hawakuoa wala kuolewa, na mume na mke walioingia pamoja walitenganishwa, wakaishi kama kaka na dada. Kwa hiyo kama umetokana nao moja kwa moja, mtoto alizaliwa kabla mzazi hajaingia au baada ya kutoka. Vinginevyo huyo ni ndugu wa pembeni tu. Unachotafuta ni tarehe mbili: ya kuingia, na ya kutoka au kufa.

Kwanza hakikisha walikuwa Washaker kweli. Simulizi nyingi za ukoo huwachanganya na Waquaker, dhehebu jingine la Kikristo, na Waquaker walioa. Kuishi Shaker Heights, Ohio, nako si ushahidi. Mji huo ulikuja kujengwa kwenye ardhi ya kijiji cha North Union, kilichofungwa mwaka 1889.

Pili, jua kijiji, maana nyaraka zimepangwa kwa vijiji. Ann Lee, kiongozi wao wa mwanzo, alifika New York kutoka Manchester, Uingereza, mwaka 1774, na baada yake vijiji vikaenea: Mount Lebanon na Watervliet jimboni New York, Hancock na Harvard kule Massachusetts, Canterbury kule New Hampshire, Sabbathday Lake kule Maine, Union Village kule Ohio, Pleasant Hill na South Union kule Kentucky. Hujui kipi? Anza na kilicho karibu na wilaya alikozaliwa.

Sasa sensa, na hapa tukae kidogo. Kuanzia 1790 hadi 1840 sensa iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake, kwa hiyo ndugu yako ni tarakimu tu chini ya jina la mzee wa kijiji. Anza na 1850. Ukurasa wa kijiji cha Washaker huwa hivi: kaya moja, watu kwa makumi, majina ya ukoo mchanganyiko, na safu ya thamani ya ardhi haina kitu isipokuwa kwa mdhamini, yaani mwanajumuiya aliyesimamia mali. Hiyo ni kwa sababu mali yote iliandikwa kwa jina la wadhamini. Safu ya uhusiano haipo hadi 1880, basi usihitimishe kwamba watoto waliofuatana ni wa tumbo moja. Sensa ya 1890 iliteketea karibu yote. Ile ya 1900 ni dhahabu: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na iliuliza kila mwanamke amezaa watoto wangapi. Ukiona dada Mshaker ana namba pale, alikuwa mama kabla hajaingia.

Ukikutana na "North Family" au "Church Family", hilo ni kundi la makazi ndani ya kijiji. Usiliingize kwenye mti wa ukoo.

Kwa vifo, fungua gazeti lao, lililotoka 1871 hadi 1899 kwa majina yaliyobadilika, la mwisho likiwa The Manifesto. Maktaba ya Hamilton College imeliweka mtandaoni. Tangazo la kifo mara nyingi hutaja umri kwa miaka, miezi na siku. Tuchukue mfano: amefariki 14 Machi 1889, umri miaka 71, miezi 5, siku 20. Toa miaka, upate 14 Machi 1818. Toa miezi, 14 Oktoba 1817. Toa siku, 24 Septemba 1817. Ukianza na siku, jibu laweza kusogea kidogo, kwa hiyo andika "takriban".

Hatua inayofuata ni miswada. Mkusanyo mkubwa kabisa uko Western Reserve Historical Society, Cleveland, nao una faharasa ya kadi za majina, anzia hapo. Omba vitu vitatu: agano lenye saini za wanajumuiya, hati ya kukabidhi mtoto, na hati ya kuachia madai, ambayo aliyetoka alitia saini kuthibitisha kwamba hadai kitu. Hati ya mtoto ndiyo tunayoipenda zaidi, kwani hutaja mzazi au mlezi aliyemkabidhi. Watoto wengi waliolelewa kule waliondoka walipokuwa wakubwa.

Makaburini usitegemee mengi. Canterbury na Sabbathday Lake kuna jiwe moja tu kwa wote. Harvard ndiko kwenye alama za chuma zenye majina.

Ukishapata tarehe ya kutoka, rudi kwenye karani wa mji au wa wilaya jirani, utafute ndoa katika miaka michache inayofuata. Kagua jina la mwenzi pia kwenye orodha ya kijiji kilekile: si ajabu wawili kutoroka pamoja na kuoana.