Mwavuli ni Usafiri Tu: Kuhusu Wazimamoto Wanaorukia Misituni

(Mhadhara kwa wanafunzi wa misitu, wafugaji nyuki na wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, Tabora, mwanzo wa kiangazi. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Mwangaluka! Sawa, mmeitikia kama watu waliokwisha kunywa chai. Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wa Sikonge na Uyui, kina mama wa vikundi vya asali, na nyie wanafunzi mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: nawaona.

Nimeombwa nizungumzie wazimamoto wanaoruka kwa miavuli. Walioniomba ni vijana waliotazama video kwenye simu: ndege inapita juu ya milima, mlango uko wazi, watu wanajirusha kuelekea kwenye moshi. Wakaja kwangu: mzee, kwa nini sisi hatuna? Swali si geni. Oktoba 2020 moto ulipowaka Kilimanjaro, na mamia ya watu wakapanda mlima kuupiga, nchi nzima iliuliza ndege ziko wapi. Mvua ikanyesha, tukasahau. Basi leo nitajibu, ila wanaonijua wanajua majibu yangu hayapitii njia ya mkato.

Kazi hiyo ipo kweli, si sinema. Wamarekani waliifanyia majaribio mwaka 1939 huko Winthrop, jimbo la Washington, na tarehe 12 Julai 1940 Rufus Robinson na Earl Cooley wakarukia moto wa kweli katika msitu wa Nez Perce, Idaho. Sababu ilikuwa umbali. Kule magharibi kuna milima isiyo na barabara. Radi inapiga mti, moto unaanza, na mtu wa kwenda kwa miguu na nyumbu atafika kesho au kesho kutwa. Ndege inafika siku ileile. Ndani yake kuna msimamizi anayechungulia mlangoni, anadondosha tepe ndefu za karatasi za rangi, anazitazama zinavyopeperuka hadi chini, anausoma upepo. Akiridhika, anampiga mtu begani, mtu anaruka. Mrukaji amevaa suti nene ya kitambaa kigumu kiitwacho Kevlar, yenye kola iliyosimama, kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, na kwenye mfuko wa mguuni ana kamba ndefu. Ya nini? Ya kushukia. Kunasa juu ya mti kule hakuhesabiwi ajali, ni sehemu ya kazi.

Wakishatua, ndege inapita tena chini zaidi na kuwadondoshea mizigo: chakula na maji ya siku mbili hivi, misumeno, na kifaa kinachoitwa Pulaski, jina la bwana misitu mmoja wa Idaho. Upande mmoja ni shoka, upande wa pili ni jembe. Fundi chuma yeyote wa hapa mjini anakutengenezea, ukimletea mchoro na ukaacha kumsumbua.

Sasa sikilizeni. Hawana bomba la maji. Hakuna gari jekundu, hakuna king'ora. Wanakata vichaka, wanakwangua majani na mizizi mpaka udongo mtupu, wanauzungushia moto mkanda usio na cha kuungua. Wanalima! Wakimaliza, wanajitwika kila kitu, mzigo unaofika kilo 50, wanatembea mpaka barabarani. Na msimu wa moto ukiisha wanakaa kwenye cherehani. Msicheke. Wanaume wenye vifua hivi, wanashona mifuko na kutia viraka miavuli, kwa sababu mshono ukiachia huko juu hakuna wa kumlalamikia.

Kwa hiyo mwavuli ni usafiri tu, kama bodaboda inayokufikisha shambani: ukishashuka, jembe ni lako. Kinachowafanya wale watu wawe na maana ni kuwahi. Wanaukuta moto ungali mdogo. Mkishika hilo moja, mengine mkiyasahau sitawadai.

Na wakichelewa? Hapa ndipo ninapopataka. Walionisikia Kaliua na Urambo wanaijua habari hii, wanivumilie.

Tarehe 5 Agosti 1949, Montana, kuna bonde linaitwa Mann Gulch, kando ya mto Missouri. Ndege imetoka Missoula na warukaji 16. Mmoja kichefuchefu kikamshinda, akarudi na ndege. Wakaruka 15. Mwavuli wa redio haukufunguka, redio ikavunjikavunjika, basi hawana tena wa kuzungumza naye. Chini wakamkuta kijana mwingine, Jim Harrison, mlinzi wa msitu. Huyu aliwahi kuwa mrukaji akaacha, na siku hiyo alikuwa akipambana na moto peke yake kwa saa kadhaa. Sasa wako 16 tena.

Moto ulikuwa ng'ambo ya bonde. Kiongozi wao, Wagner Dodge, akawatanguliza kuelekea mtoni ili mto uwe mgongoni mwao. Mpango mzuri, hata mimi ningeufuata. Katikati ya njia Dodge anatazama mbele: cheche zimevuka bonde, moto umesimama kati yao na mto. Wakageuka. Na walikogeukia ni mlima mkali, umejaa majani makavu ya kufika kiunoni.

Nani humu amewahi kufukuzwa na moto wa Septemba akipanda mlima? Mkono mmoja, miwili. Hao hawana haja ya maelezo. Moto unapanda mlima mbio kuliko unavyotambaa bondeni, na binadamu ni kinyume chake.

Dodge akawaamuru watupe vifaa. Fikirieni vijana waliofundishwa kutunza vifaa kama roho zao. Mmoja alichukua koleo la mwenzake, akatafuta mti, akaliegemeza pale vizuri. Moto uko nyuma yake! Mkono umezoea, unaegemeza koleo.

Zimebaki sekunde, si dakika. Dodge akasimama. Akatoa kiberiti. Akawasha majani ya mbele yake.

Wenzake walidhani amechanganyikiwa. Moto unatufukuza na wewe unawasha mwingine? Akawaita waingie kwenye ile sehemu iliyokwisha kuungua. Hakuna aliyeingia, wakampita wakikimbia kuelekea juu. Dodge akalowesha kitambaa kwa maji ya chupa yake, akajiziba mdomo, akalala kifudifudi kwenye majivu ya moto. Moto mkubwa ukafika, ukakosa cha kula pale alipolala, ukapita pande zote. Akainuka mzima. Wengine wawili, Robert Sallee na Walter Rumsey, walipenya kwenye ufa wa jabali juu kabisa. Kumi na watatu walikufa, Harrison akiwa mmoja wao. Na moto ule, baada ya kuua, ulihitaji watu 450 na siku tano zaidi kuuzuia. Mnaona bei ya kuchelewa?

Baba wa mmoja wa marehemu, naye bwana misitu mstaafu, alidai kwamba moto wa Dodge ndio uliomuua mwanawe. Uchunguzi ulisema sivyo. Simlaumu yule baba. Ila swali langu ni jingine: kwa nini hawakuingia? Kwa sababu hawakufundishwa. Walifundishwa kuruka, kutua, kulima mkanda. Hakuna aliyewaambia kwamba moto uleule unaweza kukuokoa. Mzee mmoja wa kurina asali huko Sikonge, nilipomsimulia, alinitazama kwa huruma akaniuliza kwani mtu akimbilie wapi kama si palipokwisha kuungua. Kwake yeye hilo si somo.

Sasa nasikia mnavyonong'ona: mzee anatuambia tuchome misitu. Ndiyo. Nasema kila mwaka na nitasema tena: chomeni mapema, kwa mpango, kwa vipande. Mwezi wa tano na wa sita majani bado yana unyevu, umande wa asubuhi upo, moto unatambaa chini na jioni unajifia wenyewe. Kile kiberiti cha Dodge, sisi tunayo nafasi ya kukiwasha wakati hakuna kinachotufukuza. Ukisubiri Septemba, moto huohuo unapanda kwenye matawi, unababua mitundu na miyombo ikiwa ndiyo inachanua kabla ya mvua. Hakuna maua, hakuna asali. Kina mama wa vikundi, mnanisikia? Hapa hatuzungumzii mandhari. Tunazungumzia ndoo zenu.

Na hili si maneno ya mzee tu. Jirani zetu Zambia, huko Ndola, walitenga vipande vya miombo tangu mwaka 1933: kimoja kinachomwa mapema, kingine kinachelewa, kingine hakiguswi. Cha kuchelewa, miaka ikienda, miti ilipungua mpaka pakawa majani matupu na visiki. Cha mapema miti ilisimama. Kisichoguswa kilizidi kusongamana. Mninga wenyewe unajua mambo haya: mche wake unakufa juu kila kiangazi, mzizi unabaki unajijaza chini, miaka na miaka, mpaka siku unapopata nguvu ya kuchomoka na kuupita urefu wa moto. Ukiuletea moto mkali wa Septemba kila mwaka, lini utachomoka?

Wamarekani nao walijifunza kwa gharama. Mwaka 1935 waliweka sheria kwamba kila moto wa msituni udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kila moto! Warukaji walizaliwa ndani ya fikra hiyo. Walifanya kazi vizuri mno, majani na matawi makavu yakarundikana miongo kwa miongo, na moto ulioponyoka ukawa mkubwa kuliko wa mababu zao. Mwaka 1978 wakaiacha sheria hiyo. Sisi tumebaki na fikra ileile ya kwamba kila moto ni adui, na bango la shule lililochorwa mwali wenye macho na pembe.

Najua, najua: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali. Sawa kabisa, kibali kiwepo, sitaki kila mwenye kiberiti ajiite mtaalamu. Lakini kuna kijiji nakifahamu, na ofisi husika sitaitaja, kiliomba kibali cha kuchoma mwezi wa tano. Kibali kikaja mwezi wa nane, kimegongwa muhuri mzuri sana. Mwenyekiti wa kijiji alikitundika ukutani na hakukitumia. Nilimpa mkono.

Wapo pia wanaosema napinga teknolojia. Sipingi! Nileteeni ndege leo nitaipokea kwa ngoma. Ila tazameni tofauti. Kule mlimani moto mwingi wanaorukia unaletwa na radi, mahali ambapo hakuna mtu. Hapa kwetu mwezi wa nane radi iko wapi? Palipowaka moto wa kiangazi, palikuwa na mtu. Alikuwa anarina asali kwa mwenge, au anatafuta majani mabichi ya ng'ombe, au anasafisha shamba la tumbaku, au anawinda. Kama mtu alifika na kiberiti kwa miguu na baiskeli, basi na wa kuzima anaweza kufika kwa miguu na baiskeli. Hata porini Ugalla, mbali kote kule, wa kwanza kuuona moshi ni mfuga nyuki aliye kambini kwake. Mrukaji wetu alishatua zamani. Anasubiri buti.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nakimbia. Mwenge wa kurinia: acheni, tumieni bomba la moshi la kutulizia nyuki, nimechoka kulisema. Vifaa: mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa ya tumbaku yanatosha kulowesha ukingo wa mkanda, ila yaoshwe kwanza, jamani, yaoshwe. Simu: kila kamati iwe na namba moja, si namba tano ambazo zote hazipokelewi. Posho: hilo liulizwe halmashauri, na muulize mkiwa wengi. Nilikuwa na habari ya Urusi, ambao nao walianza kurukia moto miaka ya 1930 na misitu yao inatisha kwa ukubwa, hiyo naiacha. Na Stuart Roosa, mrukaji wa mwaka 1953, aliyekuja kuuzunguka mwezi na Apollo 14 mwaka 1971 akiwa na mbegu za miti, zikarudi zikapandwa zikaota, hiyo nayo tuiache, wanafunzi watanifuata nje.

Maswali yaanze na wafugaji nyuki, kwa sababu wao wana safari ndefu ya kurudi. Halafu kamati za vijiji, na kila kamati iniambie imepanga kuchoma vipande vipi na maombi ya kibali yamepelekwa tarehe ngapi. Atakayeuliza ndege inauzwa bei gani, huyo nitamjibu mwisho kabisa, baada ya chakula.