Mpini wa pembe nane: kisu cha Kijapani kwenye karakana ya Langoni

[Msasa unasikika ukisugua mti]

MWANAISHA: Msasa huo mnaousikia si kasoro ya kinasa sauti, wasikilizaji. Shemeji Athman amekataa kuiacha kazi, basi tunarekodi hapahapa karakanani kwake, Langoni, Lamu. Na kazi yenyewe ni yangu: mpini mpya wa kisu changu.

ATHMAN: Yako, na hujalipa.

MWANAISHA: Hilo baadaye. Kisu hiki aliniachia mgeni kule Shela ninakopika. Wajapani wanakiita gyuto, bapa lake sentimita 24. Kwa nyama, kwa vitunguu, hakina mfano. Lakini miaka miwili kimenitoa malengelenge, hapa kwenye shina la kidole.

ATHMAN: Kwa kuwa wewe ni wa shoto. Shika mpini wa zamani huu. Umeviringana, halafu ubavu mmoja una kijimgongo, siyo? Kijimgongo hicho kimewekwa kiingie kwenye vidole vya mkono wa kulia vinapokunjika. Wewe umevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

MWANAISHA: Miaka miwili, na hakuna aliyenambia!

ATHMAN: Ndiyo nikakuchongea wa pembe nane. Huo haubagui mkono. Unaanza na mti wa mraba, sentimita 14 hivi kwa bapa kama hili, unapiga randa kona zote nne mpaka zipatikane nane. Kisha unaupunguza kidogokidogo kuelekea kwenye noleo, ile pete ya mbele. Mkono uujue hata gizani.

MWANAISHA: Mimi nilitaka mpingo. Mweusi, unaong'aa.

ATHMAN: Kila anayekuja hapa anataka mpingo! Kule kwao mpini wa kawaida ni wa mti uitwao ho, jamii ya magnolia, mwepesi, uzito wake haufiki nusu ya mpingo. Mpingo ukiutia majini unazama. Sasa ukiufunga nyuma ya bapa jembamba namna hii, uzito wote unarudi kiganjani, na ncha inakuwa haina nguvu ya kushuka yenyewe. Kazi ya kushuka utaifanya wewe kwa kiwiko. Tena vumbi lake linawasha mapua, na kuusafirisha nje ya nchi kuna vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017. Ni mti wa heshima, sikatai. Lakini kwa kisu hiki, hapana.

MWANAISHA: Kwa hiyo mwembe.

ATHMAN: Mwembe mkavu. Ule wa kwanza niliokufanyia nilikuwa na haraka, mti ulikuwa haujakauka vizuri. Kaskazi ilipovuma...

MWANAISHA: Ukalegea! Nakata kitunguu, bapa linacheza kama jino la mtoto.

ATHMAN: Ile aibu ni yangu. Huu wa sasa umekaa darini mwaka mzima.

MWANAISHA: Wako wanaoomba vipande vya milango ya zamani ya mtaa wa Mkomani, nasikia.

ATHMAN: Wapo. Nawafukuza. Mlango wa Mkomani haukuchongwa uje ukate nyanya.

MWANAISHA: [Anacheka] Haya, na hii pete nyeusi mbele?

ATHMAN: Noleo. Wao hutumia pembe ya nyati wa kufugwa, mimi nimechukua ya ng'ombe kutoka machinjioni. Pembe ina uwazi ndani, ni ile ncha tu iliyoshiba, kwa hiyo pembe moja inatoa noleo moja, mbili ukiwa na bahati. Na ukiipiga msasa inanuka nywele zilizoungua. Mke wangu ananipokea mlangoni na sabuni.

MWANAISHA: Wasikilizaji, ananuka kweli.

ATHMAN: Lakini sikia, shemeji, watu wanauliza mti, wanauliza pembe. Hakuna anayeuliza tundu. Na kazi yote iko kwenye tundu! Msuka wa kisu hiki, yaani mkia wa bapa, hauna misumari, unaingia ndani ya mpini na kujificha humo. Ukilitoboa pana, kisu kinacheza. Ukilitoboa dogo, mpini unapasuka.

MWANAISHA: Sasa unapimaje?

ATHMAN: Nalitoboa jembamba kuliko msuka, halafu moto unamalizia. Nalifunga bapa kwa kitambaa kilichorowa, kwa sababu joto likipanda kwenye makali chuma kinalegea, na huwezi kukirudisha kwa kinoo. Msuka peke yake nautia motoni mpaka uanze kuwa mwekundu nchani, nauchomeka. Moshi unatoka puu! Nauchomoa, nakwangua makaa, narudia. Mara ya tatu unabaki upana wa kidole. Hapo nakigeuza, ncha chini, nakishika kwa mpini bila kuegemeza popote, nagonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Tok, tok. Bapa linapanda lenyewe ndani ya mpini.

MWANAISHA: Mbona babu alikuwa akitia jembe mpini vivyo hivyo!

ATHMAN: Vivyo hivyo. Kule Sakai, karibu na Osaka, mfua chuma ni mwingine, mnoaji mwingine, wa mipini mwingine. Lakini moto na msuka ni hivihivi vya babu yako.

MWANAISHA: Na gundi?

ATHMAN: Sitii. Natia nta ya nyuki, kuziba maji. Mpini huu umekusudiwa kutoka siku moja, uwekwe mwingine. Ule wa zamani ulipasuka kwa sababu maji yalipita shingoni, msuka ukaota kutu, kutu ikavimba ndani. Ni maji ya beseni, shemeji. Unakilaza kisu kwenye beseni la vyombo usiku kucha.

MWANAISHA: Nani kakwambia?

ATHMAN: Kutu imenambia.

MWANAISHA: Basi nipe kisu changu, nina wageni sita wa chakula cha jioni.

ATHMAN: Nta haijaganda. Njoo baada ya alasiri. Na uje na ile pilau.