Pima Kwanza Nyumba ya Mfanyakazi, Ndipo Uchore Ofisi

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, asanteni kwa kuja. Najua wiki hii mna mawasilisho ya studio na wengine mmekesha, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye kilichonileta.

Nimeombwa nizungumzie ofisi zinavyobadilika tangu watu waanze kugawa wiki, siku mbili tatu kazini na zilizobaki nyumbani. Nitaanza na meza ya kupigia pasi.

Mwaka 2021 kampuni moja hapa Dar es Salaam iliniita niwapangie upya ofisi yao maeneo ya Posta, katikati ya jiji. Wafanyakazi walikuwa wamerudi, ila si wote na si kila siku. Uongozi ukahesabu, ukaona kwa wastani nusu ya viti viko wazi. Wakaniambia: punguza meza, ghorofa moja tumrudishie mwenye jengo, na fedha itakayookolewa weka makochi na sehemu ya kahawa, pawe mahali pa kumvutia mtu atoke kwake. Nilichora nilichoagizwa. Meza zisizo na mwenyewe, atakayewahi ndiye atakayekaa. Makabati madogo ya kufuli karibu na mlango. Vioo kila upande ili watu waonane. Picha zilitoka nzuri sana.

Baada ya miezi mitatu nikarudi kukagua, ilikuwa Jumatano. Nikamkuta dada mmoja wa uhasibu amekaa kwenye ngazi za dharura, kompyuta mapajani, anaongea na benki kwa sauti ya chini huku ameziba sikio la pili kwa kidole. Nikamsubiri amalize, nikamuuliza mbona huku. Akasema, "Injinia, mle ndani hakuna pa kuongelea." Basi kwa nini usibaki nyumbani leo? Akafungua simu akanionyesha picha. Chumba na sebule, Mbagala, pembezoni mwa jiji. Kompyuta iko juu ya meza ya kupigia pasi, feni imeelekezwa kwenye kompyuta badala ya mtu kwa sababu mashine ilikuwa inachemka, na nyuma watoto wawili wa dada yake wanatazama katuni. Siku hiyo ndipo nilipoanza kujifunza kazi hii upya. Tulimwondolea meza yake kazini tukiamini kwamba anayo nyingine nyumbani, na hatukuwa tumemuuliza.

Tangu hapo naamini hivi: ofisi ya mtu anayegawa wiki haiishii kwenye jengo tunalolichora. Sehemu yake nyingine iko Mbagala, iko Kimara, iko Gongo la Mboto, na mchoraji asiyeijua hiyo hawezi kusema meza ngapi zinatosha kwenye hii.

Turudi nyuma kidogo, maana haya hayakuanza na korona. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndugu wawili wa Kijerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, walivunja safu za meza zilizopangwa kama darasa, wakazitawanya kufuata nani anafanya kazi na nani, wakaweka mimea katikati. Mwaka 1968 kampuni ya Herman Miller ya Marekani ikatoa samani alizobuni Robert Propst: patisheni za kusogezwa, rafu za kuning'inizwa, pembe pana za digrii 120, ili kila mtu ajitengenezee mahali pake na ajisikie anapumua. Wenye kampuni walipozinunua, wengi walizibana mpaka zikawa digrii 90, visanduku vilivyopangwa safu kwa safu, kwa sababu hivyo watu wengi zaidi walienea sakafuni. Propst alifariki mwaka 2000, na kabla ya hapo alikuwa ameshasema wazi kwamba walichofanyia wazo lake ni wazimu. Naumia kila nikiifikiria habari hii. Wazo lilizaliwa kwa ajili ya mfanyakazi, likaishia kumhesabu kwa mita ya mraba, na ndivyo ninavyoona meza zisizo na mwenyewe zikitumika leo.

Na ule utetezi wa ukumbi wazi, kwamba ukiondoa kuta watu watazungumza zaidi? Mwaka 2018 watafiti wawili, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walichapisha utafiti wa makampuni mawili makubwa yaliyohamia ofisi wazi. Wafanyakazi walivaa vifaa vya kunasa nani anakutana na nani. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, barua pepe zikaongezeka. Mtu anayeonwa na kila mmoja hujifungia kwa njia nyingine. Atavaa spika za masikioni, atainamisha kichwa, au atakwenda kukaa ngazini.

Sasa nije kwenye ule wastani, kwa sababu mtaulizwa na kila mteja. Nusu ya viti viko wazi, kwa hiyo tupunguze nusu. Lakini watu hawaji kwa wastani. Pale Posta, Jumatatu palikuwa na watu wachache. Ijumaa pia, wengine kwa ajili ya sala, wengine wanasafiri. Jumanne mpaka Alhamisi kila timu ilitaka kukutana, na kukutana ndiyo sababu hasa ya kuja. Aliyekosa kiti Jumatano hawezi kukalia kile kilichobaki wazi Ijumaa. Kwa hiyo msikubali kupewa namba moja. Dai hesabu ya kila siku, tena ya saa nne asubuhi na ya saa tisa alasiri, kwa mwezi mzima.

Kitu cha pili ni sauti, na hapa naomba mnivumilie, nitakawia kidogo. Ofisi zetu nyingi zina sakafu ya taili, kuta za vioo na dari la jipsamu. Vyote hivyo vinarudisha sauti. Zamani mtu alipiga simu mbili tatu kwa siku. Leo nusu ya timu iko nyumbani, kwa hiyo yule aliyekuja ofisini anashinda kwenye simu na wale ambao hawakuja. Na kelele inayovuruga akili kuliko zote ni maneno ya mtu mwingine yanayosikika vizuri, kwa sababu sikio haliwezi kuacha kuyafuata. Ngurumo ya kiyoyozi unaizoea, lakini jirani anayejadili mkopo wake humzoei.

Tuliporudi kurekebisha, tulikwenda kwa maseremala wa Keko tukatengeneza vibanda vinne vya simu. Cha kwanza hakikufaa. Tulikifunga vizuri sana, sauti haikutoka, na hewa nayo haikuingia. Kwa joto la Dar es Salaam mtu alitoka baada ya dakika kumi shati limelowa. Tukatoboa tundu juu, sauti ikatoka yote. Palipo na njia ya hewa pana njia ya sauti. Mwishowe fundi akajenga mkondo wenye kona mbili juu ya dari la kibanda, ndani akaubandika sponji, akaweka feni ndogo upande wa nje. Hewa inapinda kona bila shida, sauti inafia kwenye sponji. Chini ya mlango tukaweka mpira. Yule fundi hakusoma chuo, na ndiye aliyelitatua.

Vyumba vya mikutano nitavipitia haraka. Msimkalishe mtu dirisha likiwa nyuma yake, walioko nyumbani wataona kivuli tu. Kamera iwe usawa wa macho. Na kama fedha ni kidogo, nunueni maikrofoni nzuri kabla ya skrini kubwa, maana mkutano usio na picha unaendelea, usiosikika umekufa.

Kingine kilichonisaidia sikukipata kwenye katalogi za samani. Nilikipata Lamu. Wale mliowahi kuingia nyumba za mawe za kale mnajua kwamba hutoki barabarani ukatumbukia chumbani. Unaanza na daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye viti vya mawe pande zote mbili, ambapo hata mpita njia anaweza kuketi. Kisha tekani, penye kona, jicho la barabarani lisifike ndani. Kisha kiwanda, yaani ua wa katikati ulio wazi juu, kisha misana, vile vyumba virefu vinavyofuatana, na mwisho kabisa chumba kiitwacho ndani. Kila hatua inataka uhusiano wa karibu zaidi, na kila hatua ni tulivu kuliko ile iliyotangulia. Nililinganisha na ramani yangu ya Posta: mlango, halafu uwanja. Mgeni wa mauzo na mhasibu anayefunga hesabu za mwezi walikuwa wamekaa daka moja.

Tukapanga upya kwa mfuatano huo. Kahawa, makochi na mazungumzo vikabaki mlangoni. Meza za timu zikafuata, kisha vibanda. Mwisho wa ghorofa, mbali na lifti, tukaweka chumba ambacho simu hairuhusiwi kuongelewa, na humo meza zina wenyewe, kwa wale waliosema wanataka kuja siku zote tano. Ndiyo, wapo. Kwenye mijadala hii tunasikia sana kwamba kila mfanyakazi anatamani kubaki nyumbani, na kwa wengi ni kweli. Mchumi Nicholas Bloom na wenzake walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 1,600 wa Trip.com, kampuni ya huduma za usafiri, huko Shanghai. Waliopewa siku mbili za nyumbani waliacha kazi kwa theluthi moja pungufu, na walionufaika zaidi ni pamoja na wanaosafiri mbali kwenda kazini. Hapa kwetu anayesafiri mbali mara nyingi ndiye mwenye nyumba iliyobana. Foleni inamwambia abaki, chumba kinamwambia aende. Hilo haliamuliwi na afisa rasilimali watu kwa waraka mmoja wa watu wote.

Jambo jingine ni la wenye watoto wachanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Saa mbili hizo, kwa mtu wa Mbagala aliyeko Posta, zinaweza kuishia barabarani. Chumba chenye kiti, sinki, jokofu dogo na kitasa kinachofungwa kwa ndani kinakula eneo dogo sana. Nimeona michoro yenye meza ya pool na isiyo na chumba hicho. Msichore hivyo. Mteja asipokitaja, kitajeni ninyi.

Kabla ya kurekebisha ile ofisi tuliomba ruhusa tukatembelea nyumba za wafanyakazi waliokubali. Tulikuwa na karatasi yenye maswali machache, na nimewaletea nakala, zipo pale karibu na mlango. Je, kuna mlango unaofungwa? Saa nne asubuhi nani mwingine yumo? Umeme ukikatika unafanyaje, na bando analipa nani? Unakaa juu ya nini? Sehemu ya chini imeachwa wazi mchore chumba na vipimo vyake. Mwalimu wenu amekubali iwe kazi ya wiki ijayo. Anzeni na nyumba mnazoishi, kisha mtafute mtu mmoja mwenye kazi ya ofisini akubali mumpimie kwake. Njooni na futi kamba, na mkaribishwapo chai, kaeni mnywe, kwa sababu mengi tuliyoyajua tuliyajua tukiwa tumeketi.