Unakatwa Pesa Usizozijua Kwenye Kadi? Fanya Hivi

Karibu tena, mtazamaji wangu. Leo usikae tu kunitazama. Chukua simu, fungua programu ya benki yako, utoe taarifa ya akaunti ya miezi mitatu. Nakusubiri.

Umeipata? Sasa shuka nayo polepole, mstari kwa mstari. Usihangaike na kiasi kikubwa, hicho utakiona hata ukiwa na usingizi. Tafuta vidogo: dola 1 hapa, shilingi 130 pale. Mwizi akipata namba ya kadi, mara nyingi huijaribu kwanza kwa senti chache aone kama bado iko hai, ndipo arudi na gunia.

Ukikuta jina geni, liandike ulitafute mtandaoni kwanza, kwa sababu kuna kampuni zinazokata pesa kwa jina tofauti na lile unalolijua. Likikosa maelezo, funga kadi. Programu nyingi za benki zina kitufe cha kuifunga papo hapo. Kisha piga namba iliyochapishwa nyuma ya kadi, si ile uliyotumiwa kwa meseji. Na huyo wa benki hahitaji zile tarakimu 3 za nyuma wala namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako kwa meseji. Akiziomba, kata simu.

Sasa tuje kwa makato ambayo hakuna aliyekuibia, uliyakubali mwenyewe siku ya "jaribu bure siku 7". Mimi mwenyewe nililipia programu ya kuhariri picha miezi saba, na nilikuwa nimeifuta siku ya pili! Kufuta programu hakusimamishi malipo, kwa kuwa usajili haukai kwenye simu, uko kwenye akaunti yako ya Google au Apple.

Kwa Android, ingia Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda kwenye malipo na usajili, kisha usajili. Chagua unayotaka kujitoa, ughairi. Kwa iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako, halafu Subscriptions. Kama ni jaribio la bure la Apple, jitoe angalau saa 24 kabla halijaisha.

Ulijisajili moja kwa moja kwenye tovuti? Hapo lazima uingie kwenye akaunti yako huko huko ujitoe, na barua pepe ya uthibitisho uitunze. Wakiendelea kukata, ipeleke benki uombe kurudishiwa pesa. Fanya mapema, muda wa kulalamika una kikomo.

Wengine huniambia, "Si nibadilishe kadi tu?" Pole. Visa na Mastercard wana huduma inayoweza kumpelekea mfanyabiashara namba yako mpya, kwa hiyo makato yanaweza kukufuata hadi kwenye kadi mpya.

Kwa manunuzi ya mtandaoni, mimi siweki tena kadi ya akaunti ya mshahara. Walio Kenya wana M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika mkononi, iliyozinduliwa 2022. Kama huna hiyo, fungua akaunti ndogo yenye kadi yake, uweke pesa ya unachonunua tu.

Na wewe uliyefika hapa bila kufungua taarifa ya akaunti, nimekuona. Rudisha video mwanzo.