Kabla ya Kusema "Wengi Wape"

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja hapa Dar es Salaam, tulikaa kikao kuamua masomo ya ziada yaanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwalimu mmoja wa ajira mpya akanyoosha mkono: "Watoto wa Chamazi watapanda gari gani? Makonda wanawakwepa wanafunzi." Akajibiwa, "Mwalimu, usiturudishe nyuma." Tukapiga makofi, wengi wape. Mimi nilipiga pia.

Wiki ya pili nilikuwa zamu getini na daftari la wachelewaji. Akaja binti wa kidato cha kwanza, shati limelowa jasho. Alikuwa kituoni tangu saa kumi na moja. Daladala nne zilimwacha. Nikaandika jina lake. Kalamu ile naikumbuka hadi leo.

Yule mwalimu alikuwa sahihi, lakini hata angekosea tulimhitaji. Mwaka 1969, mwanasaikolojia wa Ufaransa Serge Moscovici na wenzake waliwaweka watu katika vikundi vya sita sita, wakawaonyesha picha za rangi ya bluu. Wawili katika kila kikundi walipangwa waseme ni kijani. Waliposhikilia bila kuyumba, asilimia 8 hivi ya majibu ya wenzao yakawa kijani; walipoyumba, asilimia 1 tu. Baadaye Charlan Nemeth, mwanasaikolojia wa Marekani, akaonyesha kwamba mpingaji, hata akikosea, huwafanya wengine watafute njia zaidi za kutatua jambo. Ila awe anaamini anachosema. Kumteua mtu ajifanye kupinga hakuleti matunda yale yale.

Sisi wenyewe tunayo historia hii. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa 1991 kukusanya maoni ya Watanzania kuhusu chama kimoja au vyama vingi, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja. Haikuishia kwenye hesabu. Ilipendekeza vyama vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa.

Darasani tunauliza "Mmeelewa?" na sabini wanaitikia "Ndiyooo!" Hapo hatujajua lolote. Wape dakika mbili kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi, kabla yule hodari wa mbele hajafungua mdomo. Kisha soma kwanza jibu lisilofanana na mengine, bila kutaja jina, uwaulize: aliyeandika hivi ameona nini?

Nimeleta karatasi. Ajenda yetu ya leo ni ratiba ya mitihani ya majaribio. Kabla ya kupiga kura andikeni kila mtu lake, na walimu wageni wa pale nyuma ndio watakaoanza kusema.